Nusu ya mzinga yaweza kuruka: somo la nyuki wanaogawanyika Unguja

MFANYABIASHARA anayefungia magunia yake ya sukari ghalani Darajani huyakuta asubuhi pale pale alipoyaacha jioni. Aliyeweka fedha zake katika nyuki hana uhakika huo. Mali yake ina mabawa na ina utaratibu wake wa kuzaliana. Utaratibu huo usipoeleweka, mwenye mzinga hupoteza nusu ya nguvukazi yake au zaidi kwa saa chache za siku yenye jua, na mara nyingi hilo hutokea pale maua yanapoanza kushamiri.

Suala hili linawahusu wenye mitaji midogo wa Unguja kwa sababu ufugaji wa nyuki umekuwa ukitajwa kwa muda mrefu kama shughuli isiyohitaji mtaji mkubwa. Katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, mizinga imekuwa njia mojawapo ya kuwapatia wananchi kipato bila ya kukata miti. Malisho yapo: mikoko ya ghubani, minazi inayotoa maua mwaka mzima, miembe, michungwa na milimau. Wanunuzi nao wapo, kuanzia mwenyeji anayetafuta asali ya dawa ya kikohozi hadi mgeni wa Mji Mkongwe anayetaka chupa ya kurudi nayo kwao.

Karafuu, kinyume na wanavyodhani wageni wengi, haiwasaidii nyuki kwa kiasi kinacholingana na wingi wa mikarafuu. Zao hilo huchumwa likiwa bado tumba. Ua ambalo halikufunguka halina mbochi, kwa hiyo mavuno mazuri ya mwenye shamba ni meza tupu kwa nyuki wa jirani. Mwekezaji anayeweka mizinga mikarafuuni ahesabu zaidi minazi na miti ya matunda iliyochanganyika humo.

Lakini malisho na soko havimsaidii mtu ambaye kundi lake limeondoka. Malalamiko ya wanaoanza huwa ni yale yale: "Nyuki wamekimbia." Kauli hiyo huficha mambo matatu tofauti, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine.

KUONDOKA KWA NAMNA TATU

Namna ya kwanza ni kugawanyika. Kundi limeshiba, majana ni mengi, nafasi imekwisha. Nyuki hulea malkia wapya, na malkia mzee hutoka na nusu ya kundi au zaidi kwenda kuanza makazi mengine. Wanaotoka huitwa bumba. Mzinga haubaki mtupu, bali hubaki na majana, asali kiasi, nyuki wachanga na vyumba vya malkia ambao bado hawajatoka. Hiki ni kitendo cha neema.

Namna ya pili ni kuhama kwa dhiki. Hapa nyuki wote huondoka, na malkia wao. Sababu ni njaa, joto la mzinga uliowekwa juani, maji ya mvua yanayoingia ndani, moshi mwingi, kufunguliwa mara kwa mara, nondo wa nta, au chungu. Kisiwani Unguja chungu wasipuuzwe. Wale wekundu waitwao maji moto, wanaoshona majani ya minazi na mikarafuu kuwa viota, wanaweza kulisumbua kundi dogo mpaka likakata tamaa. Namna ya tatu ni ya msimu: malisho yamekauka eneo hilo, nyuki huacha kulea majana, hula akiba yao, kisha huifuata mvua na maua mahali pengine.

Nyuki wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao mtaalamu wa nyuki F.G. Smith aliyefanya kazi Tanganyika aliwaainisha mwaka 1961 kuwa aina ya peke yao kwa jina la Apis mellifera litorea, ni wepisi wa yote matatu. Ni wadogo kuliko nyuki wa Ulaya, hukuza kundi haraka, hugawanyika haraka na hawaoni tabu kuacha nyumba isiyowafaa. Vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwa ajili ya nyuki wa Uingereza vinafundisha mengi ya kweli, ila saa yao ni ya nyuki wa polepole.

Tofauti ni muhimu kwa sababu ya fedha. Kundi linalotaka kugawanyika linahitaji nafasi zaidi. Kundi linalotaka kuhama kwa dhiki linahitaji nafasi ndogo zaidi, chakula, kivuli na kuachwa kwa amani. Mtu anayeongeza viunzi vitupu katika mzinga wenye nyuki wachache wenye njaa anawaongezea eneo la kulinda ambalo hawana askari wa kulilinda. Nondo huingia, na kundi huondoka. Mwenyewe husema nyuki wamegawanyika, hununua mzinga mwingine na kurudia kosa lile lile.

Dalili zinatofautiana wazi kwa anayetazama. Katika kundi linaloelekea kugawanyika kuna madume wengi, majana yamejaa sega hadi sega, nyuki wananing'inia kama ndevu mlangoni hata jua likishapoa, na pembezoni mwa masega ya majana pamejengwa vyumba virefu vinavyotazama chini, vyenye umbo la karanga. Hivyo ndivyo vyumba vya malkia. Katika kundi linaloelekea kuhama, mayai hayaonekani kabisa, majana yaliyobaki ni yale yaliyokwisha kufunikwa, na asali inapungua siku hadi siku. Nyuki wanangoja watoto wa mwisho watoke, waondoke.

SAA YA MALKIA

Hesabu ya siku ndiyo msingi wa kazi yote. Yai hukaa siku 3. Buu wa malkia hulishwa maziwa ya nyuki kwa siku 5 hivi, kisha chumba chake hufunikwa kwa nta mnamo siku ya 8. Malkia mpya hutoka mnamo siku ya 15 au 16. Kibarua wa Kiafrika huchukua siku 19 au 20, na dume siku 24 hivi.

Bumba la kwanza, lenye malkia mzee, huondoka mara vyumba vya kwanza vya malkia vinapofunikwa, hali ya hewa ikiruhusu. Mvua ya siku 2 huwachelewesha, na siku ya jua inayofuata huwatoa. Kwa maneno mengine, tangu yai litagwe katika chumba cha malkia hadi nyuki kuruka ni siku 8 tu. Anayekagua kila baada ya wiki 2 anakagua historia.

Baada ya hapo mzinga una wiki moja ya kungoja. Malkia wa kwanza akitoka, jambo moja kati ya mawili hufuata. Akiachiwa, atawachoma wenzake wangali vyumbani na kutawala. Lakini kama kundi bado lina nguvu, vibarua humzuia asiwafikie, naye huondoka na bumba la pili. Na malkia anayefuata huenda akaondoka na la tatu. Kila bumba huwa dogo kuliko lililotangulia. Kundi lililoanza msimu likiwa tajiri huweza kuumaliza likiwa gae, na gae hilo ni windo la nondo na mende wadogo wa mizinga.

Hasara yenyewe mara nyingi hupimwa vibaya. Wengi hulalamikia asali ambayo nyuki hushiba kabla ya kuondoka. Kibarua mmoja hubeba takriban miligramu 40 tumboni. Bumba la nyuki 10,000 litakuwa limeondoka na gramu 400, yaani chini ya nusu kilo, na hiyo si hasara ya kumfilisi mtu. Hasara ni muda. Malkia mpya atatoka baada ya wiki moja. Atahitaji siku nyingine 10 hivi kukomaa, kuruka kupandwa na madume na kuanza kutaga. Kibarua wake wa kwanza atatoka baada ya siku 20 nyingine. Kibarua huyo atafanya kazi za ndani kwa wiki 2 au 3 kabla ya kwenda mauani. Jumla ni karibu siku 50 hadi 60 kabla ya uzao wa malkia mpya kuleta tone la mbochi. Katikati ya hapo kundi huishi kwa majana aliyoacha malkia mzee. Msimu wa maua ukiwa wa wiki 6 au 8, umekwisha.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyeweka mizinga 10 upande wa Charawe na kumwahidi mwenye duka la mjini kilo 100, akikadiria kilo 10 kwa mzinga. Mizinga 4 ikigawanyika mwanzoni mwa maua bila ya yeye kujua, hesabu ya busara ni kwamba iliyobaki 6 ndiyo itakayotoa ziada. Ana kilo 60 na deni la kilo 40. Atazitafuta kwa wengine kwa bei ya siku hiyo, au atavuna masega ambayo hayajaiva. Njia hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kiwango cha kimataifa cha asali kinataka maji yasizidi asilimia 20, na katika hewa ya kisiwa yenye unyevu mwingi asali isiyofunikwa kwa nta huvuka kiwango hicho kirahisi. Asali hiyo itachachuka rafuni, na mwenye duka hatanunua tena.

WIKI ZA MWANZO ZA KUNDI JIPYA

Kundi jipya, liwe limekamatwa juu ya mti au limeingia lenyewe, lina vipindi viwili vyenye hatari tofauti.

Kipindi cha kwanza ni wiki 3 za mwanzo. Vibarua wazee wanakufa kila siku na wapya hawajazaliwa, kwa hiyo idadi inapungua. Hatari hapa ni kuhama, wala si kugawanyika. Bumba huingizwa mzingani jioni, giza likikaribia, ili lilale na lizoee. Mzinga uwe umepakwa nta kwenye viunzi, uwe kivulini, na ubao wa kugawia usogezwe ili nyuki waone chumba kidogo cha viunzi 6 au 8 tu. Shira ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa kimoja cha maji, huwasaidia kujenga masega kama maua ni haba. Waya za kuning'inizia zipakwe grisi kuzuia chungu, na majani yanayogusa mzinga yakatwe, maana grisi haina maana kama kuna tawi linalotumika kama daraja.

Mwenye mzinga mwingine wenye nguvu ana nanga nzuri kuliko zote: sega moja lenye majana machanga, lililokung'utwa nyuki, huwekwa katikati ya mzinga mpya. Nyuki hawaachi watoto kirahisi.

Wengine huweka wavu wa malkia mlangoni, wenye matundu yanayopitisha vibarua na kumzuia malkia, ili kundi lisiweze kuhama naye. Kwa siku 3 au 4, kwa bumba lenye malkia mzee, unafaa. Ukisahauliwa hapo unaziba njia ya madume, na kama bumba lilikuwa la pili, lenye malkia mwali, unamfungia asiende kupandwa. Kundi hilo litakufa polepole huku mwenyewe akijisifu kwamba halikuhama.

Wavu huo una kisa chake maarufu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka nchini mwake malkia kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika, akitafuta nyuki wachapakazi wanaostahimili joto. Mizinga yake karibu na Rio Claro iliwekewa nyavu milangoni. Mwaka 1957 nyavu ziliondolewa, na makundi 26 yakaondoka na malkia wao. Uzao wao, uliochanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwapo, uliendelea kugawanyika na kusonga mbele hadi ukafika Texas, Marekani, mwaka 1990. Miaka 33, bara zima. Mwekezaji anayeuliza kama nyuki wake "wana tabia ya kugawanyika" anaweza kulitafakari hilo.

Kipindi cha pili huanza kama mwezi mmoja tangu kundi kuingia. Vibarua wapya wanatoka kwa maelfu, mbochi inaingia, na kundi lililokuwa ngumi mbili za nyuki sasa limejaza viunzi vyote. Katika mwaka mzuri, bumba lililoingia mwanzoni mwa maua huweza kuwa tayari kugawanyika miezi 2 hivi baadaye, ndani ya msimu ule ule. Hapa ndipo wengi hunaswa: wiki chache nyuma walikuwa wakibembeleza kundi lisihame, na bado wanaliogopa kulifungua.

NAFASI KABLA YA KUOMBWA

Nyuki wakishaanza kulea malkia ni vigumu kuwageuza nia. Nafasi itolewe kabla. Katika mzinga wa viunzi vya juu, unaotumika zaidi kwa bei yake nafuu, huwezi kuongeza ghorofa kama katika mzinga wa Langstroth. Unachoweza ni kusogeza ubao wa kugawia nyuma kila nyuki wanapobakiza viunzi 2 vitupu, na kuvuna masega ya asali ya nyuma kadiri yanavyofunikwa, badala ya kungoja mzinga wote ujae. Mavuno madogo madogo yanachosha na hayapendezi machoni kama ndoo iliyojaa kwa siku moja, lakini ndiyo yanayolibakiza kundi nyumbani.

Hatua inayozidi hiyo ni kufungua kiota chenyewe. Kiunzi kitupu huchomekwa kati ya masega mawili ya majana yaliyonyooka, kimoja kwa wiki. Vibarua wachanga, ambao wingi wao na ukosefu wao wa kazi ni sehemu ya kinachochochea kugawanyika, hupata sega la kujenga, na malkia hupata pa kutaga. Hili lifanywe kwa kundi lenye nguvu tu. Upana wa kiunzi uwe milimita 32, ambao ndio unaowafaa nyuki wa Kiafrika. Mafundi seremala wanaochonga kwa kukadiria kwa jicho huwapa wafugaji masega yaliyopinda na kuungana, na mzinga wa namna hiyo haukaguliki tena.

Ukaguzi ni kila siku 7, kwa yale majuma 6 ya maua mengi. Nje ya hapo nyuki waachwe. Nyuki wa kwetu hawapendi kufunguliwa, na kila ukaguzi una gharama yake. Hauhitaji kutazama sega kila moja. Moshi kidogo, jioni, masega 2 au 3 ya katikati yainuliwe na kingo zake zitazamwe, kisha mzinga ufungwe.

Kukata vyumba vya malkia, dawa inayopendwa na wasiotaka gharama, ni dawa dhaifu. Hukosa kimoja kilichojificha kwenye kona, na kimoja kinatosha. Mbaya zaidi, kama bumba limekwisha kuondoka juzi na mwenye mzinga hajui, akikata vyumba vyote amelifisha kundi. Halina malkia, halina yai changa la kumlelea mwingine, na baada ya wiki chache vibarua wenyewe huanza kutaga mayai yasiyotoa kitu ila madume. Kanuni ni moja: kama huoni mayai, usikate chochote. Kumkata malkia bawa nako hakusaidii sana. Atatoka, ataanguka nyasini, na wiki moja baadaye kundi litaondoka na binti yake.

KUGAWA KABLA HAWAJAGAWANYIKA

Vyumba vya malkia vikishaonekana na bado havijafunikwa, mwenye mzinga wa pili mtupu ana nafasi ya kugeuza hasara kuwa mtaji. Kinachofanyika ni kuwapa nyuki kile wanachokitaka, ndani ya uwanja wake mwenyewe.

Mzinga wa zamani husogezwa kando mita 2 au 3. Mahali pake huwekwa mzinga mpya. Sega moja la majana lenye malkia mzee huhamishiwa humo, likiwa halina chumba chochote cha malkia, pamoja na sega moja la akiba na viunzi vitupu. Vibarua wanaokwenda mauani wamezoea mahali, hawakuzoea sanduku, kwa hiyo hurudi kwa malkia mzee na kujiona kama bumba lililokwisha kuhamia. Hujenga na kuleta mbochi kwa bidii. Mzinga wa zamani, uliobaki na majana, nyuki wachanga na vyumba vya malkia, hupoteza wasafiri wake na kwa hiyo hauna nguvu ya kutoa bumba. Uachiwe vyumba viwili vizuri tu, vingine viondolewe, kisha usifunguliwe kwa wiki 3 hadi malkia mpya aanze kutaga.

Tatizo ni kumpata malkia. Wa Kiafrika ni mwepisi wa mbio, na mtu mwenye glavu nene na jasho machoni hamwoni. Asiyemwona agawe masega nusu kwa nusu, kila upande upate mayai, majana na asali. Baada ya siku 4 au 5 upande ulioanza kujenga vyumba vipya vya malkia ndio usio na malkia. Nao ndio unaohitaji nyuki wengi zaidi, basi uachwe mahali pa zamani.

Kazi hii haifanywi kiangazi. Bila madume angani hakuna wa kumpanda malkia mwali, na bila mbochi kila nusu inakuwa nusu ya njaa. Mwenye kundi moja tu, lenye masega 8 ya nyuki, na anayehitaji asali msimu huu, bora atoe nafasi na avune. Mwenye kuhitaji kuongeza mizinga agawe na asitarajie asali nyingi mwaka huo. Kutaka vyote viwili kutoka kundi moja ni hesabu ya mtu anayekula mbegu na kungoja mavuno.

BUMBA MJINI NA MZINGA WA CHAMBO

Mabumba hayaheshimu mipaka ya shamba. Mji Mkongwe, wenye kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za boriti na matundu yasiyohesabika, una mapango mengi ya kuwavutia. Bumba linaloning'inia juu ya baraza huwa pole kwa siku ya kwanza: matumbo yamejaa na hakuna nyumba ya kulinda. Likikaa siku 2 au 3 na njaa, au likiingia ukutani na kuanza kujenga, upole huo umekwisha. Mafuta ya taa na moto, ambavyo ndivyo vinavyokimbiliwa, huhatarisha dari na watoto wa mtaani, na huteketeza kitu ambacho mfugaji wa Pete au Cheju angekifuata kwa nauli ya daladala. Lipigwe maji kidogo, likung'utwe ndani ya sanduku wakati wa magharibi, na liondoke mjini usiku huo huo.

Kwa mwekezaji, bima nafuu kuliko zote ni mizinga ya chambo. Kwa kila mizinga 5 yenye nyuki, viwili vitupu au hata masanduku ya mbao chakavu yenye ujazo wa lita 20 hadi 40 hutundikwa juu ya mti kivulini, kwa masafa ya mita mia kadhaa kutoka ilipo mizinga yenyewe. Ndani hupakwa nta iliyoyeyushwa na kusuguliwa majani ya mchaichai, ambao harufu yake inafanana na ile ambayo vibarua huitoa kuwaita wenzao. Mchaichai hauhitaji kununuliwa; mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yanao tele. Nyuki wapelelezi hukagua siku kadhaa kabla bumba halijahama, kwa hiyo chambo kinachotundikwa baada ya bumba kuonekana kimechelewa.

Chambo hukamata bumba la mwenyewe na la jirani pia. Kuhusu la jirani, busara ni kuelewana kabla ya msimu, maana nyuki hawana chapa na ugomvi wa bumba moja huweza kugharimu zaidi ya mzinga.

KWA WANAONUNUA HISA

Wapo wasiotaka kuchomwa na nyuki ila wanataka kuingia ubia na kikundi cha wafugaji. Hao nao wana somo hapa. Idadi ya mizinga si mtaji. Sanduku tupu juu ya mti ni mbao. Mwenye kuchangia aulize ni mingapi yenye nyuki leo, ni mingapi ilikuwa na nyuki msimu uliopita wakati kama huu, na kama kuna daftari la ukaguzi lenye tarehe. Kikundi chenye mizinga 50 na nyuki katika 18 kinaweza kuwa kizuri kuliko chenye 30 na nyuki katika 20, kama cha kwanza kinapanda na cha pili kinashuka, na hilo halionekani bila ya daftari.

Aulize pia habari za nyuki wadogo wasiouma, ambao wengine huwauza kama jibu la tatizo hili. Asali yao huuzwa ghali zaidi kwa kipimo, na ni kweli hawatoi bumba la ghafla. Kwao malkia mzee hubaki na binti ndiye anayeondoka, tena baada ya vibarua kubeba nta na chakula kwenda nyumba mpya kidogo kidogo kwa siku nyingi. Lakini mavuno ya kundi lao ni haba sana yakilinganishwa na ya nyuki wanaouma, na anayewekeza kwao anawekeza katika chupa ndogo za bei kubwa, jambo linalotaka mnunuzi wake ajulikane kabla ya mzinga kuchongwa.

Mwisho, kwa ubia wowote, iandikwe bumba ni la nani. Mkataba unaogawa asali nusu kwa nusu na kunyamaza kuhusu makundi mapya humpa msimamizi wa mizinga kila sababu ya kuwaacha nyuki wagawanyike na kuyakamata mabumba kwa chambo chake mwenyewe. Ukimpa fungu katika kila kundi jipya litakaloishi miezi 3, atakagua kila siku ya 7 bila kukumbushwa.